Pazia Lililotariziwa Mbingu: Hekalu la Yerusalemu Ndani ya Agano Jipya

Kila Ijumaa Kuu mahubiri huwa yale yale. Mhubiri hufika Marko 15:38, pazia la hekalu linapasuka vipande viwili toka juu hata chini, na hapo hapo hukumu hutolewa kana kwamba imo ndani ya aya: hekalu limefutwa, sadaka zimefutwa, Wayahudi wamewekwa kando, sasa ni zamu yetu. Waumini huitikia amina, kwaya husimama.

Tabu ni kwamba watu wa kwanza kulisimulia tukio hilo hawakuishi kama watu walioielewa hivyo. Luka anaifunga Injili yake kwa kutuambia wanafunzi walikuwa daima hekaluni wakimsifu Mungu. Katika Matendo 3, Petro na Yohana wanapanda kwenda hekaluni saa tisa, saa ya kusali, ambayo ndiyo ilikuwa saa ya sadaka ya jioni. Paulo, ambaye wengi wetu tunamhesabu kuwa ndiye aliyekata kamba na Yerusalemu, katika Matendo 21 anajitakasa pamoja na watu wanne waliokuwa na nadhiri na kuwagharamia. Mwenye kuisoma sheria ya Mnadhiri katika Hesabu 6 anajua gharama hizo ni za nini: wana-kondoo, kondoo dume, mikate na sadaka ya kinywaji, vyote vya madhabahuni. Pazia lilikuwa limepasuka zamani.

Tuweke miaka mezani. Yesu alisulubiwa karibu na mwaka 30 B.K. Majeshi ya Titus, jemadari wa Kirumi, yaliliteketeza hekalu mwaka 70. Katikati kuna miaka arobaini hivi, na ndani yake ndimo Paulo alimoandika barua zake. Ile ya kwanza kwa Wakorintho tunaiweka mwaka 54 au 55. Alipowaambia watu wa Korintho kwamba wao ni hekalu la Mungu, moshi wa sadaka ulikuwa bado unapanda Yerusalemu asubuhi na jioni, na Wayahudi wa kila bandari ya Mediterania walikuwa bado wanatuma nusu shekeli ya mwaka, ile kodi ya hekalu. Kwa hiyo hakuwa anatafuta kitu cha kuziba pengo. Pengo lilikuwa halijatokea. Wakristo wa kwanza walikuwa Wayahudi waliolijua hekalu, wengi wao wakalipenda, na walipolisema kwa mafumbo walikuwa wakitumia mafumbo ambayo Wayahudi wenzao walikuwa wameyazoea.

Tulitazame hilo pazia lenyewe kwa karibu. Aliyetuachia maelezo yake ni Flavius Josephus, mwanahistoria wa Kiyahudi, mtu wa ukoo wa makuhani aliyezaliwa mwaka 37 B.K., kwa hiyo mtu aliyekuwa na ruhusa ya kufika mahali ambapo watu wa kawaida hawakufika. Anasema mbele ya milango ya nyumba takatifu lilining'inia pazia la kazi ya Kibabeli, likilingana na milango yenyewe: dhiraa 55 kwenda juu, dhiraa 16 kwa upana. Josephus ana tabia ya kuongeza chumvi kwenye vipimo, lakini hata ukimpunguzia nusu bado unabaki na kitambaa kirefu kuliko nyumba ya ghorofa tatu. Lilifumwa kwa rangi nne, na kila rangi ilikuwa na maana yake: nyekundu ni moto, kitani safi ni ardhi kwa sababu hutoka ardhini, samawi ni hewa, zambarau ni bahari kwa sababu rangi yake hutoka baharini. Na juu yake, anasema, ilitariziwa picha ya mbingu yote, isipokuwa zile alama za nyota za buruji.

Maana yake ni kwamba aliyesimama uani akitazama mlango wa nyumba ya Mungu alikuwa anatazama ulimwengu. Taa saba za kinara ndani zilihesabiwa kuwa ndizo sayari saba, mikate kumi na miwili ya wonyesho ikawa miezi ya mwaka. Philo wa Aleksandria, Myahudi wa kizazi kimoja na Yesu, anaandika waziwazi kwamba hekalu la kweli na la juu kabisa la Mungu ni ulimwengu wote, mbingu ikiwa patakatifu pake, na lile lililojengwa kwa mikono likafuata. Nyumba ya Yerusalemu ilikuwa ulimwengu uliopunguzwa ukubwa ili kuhani aweze kuuhudumia.

Sasa rudi kwa Marko. Mwanzoni kabisa, sura ya 1 aya ya 10, Yesu anapanda kutoka majini na mbingu zinapasuka, Roho anashuka, sauti inasema: Wewe ndiwe Mwanangu. Mwishoni, pazia linapasuka, na akida wa Kirumi anasema mtu huyu alikuwa Mwana wa Mungu. Marko anatumia kitenzi kilekile mahali pote pawili, na hakitumii tena popote katika Injili yake. Kwa msomaji anayejua kilichotariziwa kwenye kile kitambaa, hizi si habari mbili. Ni mbingu zilizochanika mara mbili, mara ya kwanza akisikia Yesu peke yake, mara ya pili akisikia mtu wa mataifa.

Ni kweli hekalu lilikuwa na zaidi ya pazia moja. Lile alilolieleza Josephus ndilo la nje, lililoonekana na watu. La ndani lilikificha chumba cha ndani kabisa, Patakatifu pa Patakatifu, na waraka kwa Waebrania unazungumzia hilo la ndani. Marko hasemi ni lipi, na wachambuzi wamebishana muda mrefu. Mimi naegemea la nje, kwa sababu ya hiyo mbingu. Lakini kuna usomaji mwingine ninaoupenda, ambao wahubiri wetu hawaugusi kabisa. Eliya alipochukuliwa, Elisha alishika mavazi yake mwenyewe akayararua vipande viwili. Huo ndio msiba wa Kiyahudi: nguo hupasuliwa. Inawezekana kabisa kwamba msomaji wa kwanza wa Marko aliona nyumba ya Mungu ikimlilia Mwana, na wala hakuwaza nyumba iliyofukuzwa kazi.

Na nyuma ya mapazia yote hayo kulikuwa na nini? Hakukuwa na kitu. Sanduku la agano lilitoweka tangu Wababeli walipoiteketeza nyumba ya Sulemani. Pompeius, jemadari wa Kirumi, aliingia mwenyewe mwaka 63 K.K. akitarajia sanamu au hazina ya siri, na mwanahistoria Tacitus anasema alikuta mahali patupu. Josephus anasema vivyo hivyo: ndani ya chumba kile hapakuwa na chochote kabisa. Mataifa ya jirani yaliweka sanamu katikati ya hekalu. Wayahudi waliweka nafasi. Watu waliozoea kwamba utukufu wa Mungu hauhitaji kitu cha kushikika katikati ya nyumba hawakuwa mbali sana na wazo kwamba utukufu huo unaweza kukaa mahali pengine pia.

Wazo hilo lilikuwa la zamani kuliko Ukristo, na lilizaliwa siku ileile hekalu la kwanza lilipowekwa wakfu. Ni Sulemani mwenyewe, katika 1 Wafalme 8, anayesimama mbele ya jengo jipya na kusema: "Tazama, mbingu hazikutoshi, wala mbingu za mbingu, sembuse nyumba hii niliyoijenga!" Ezekieli akaona utukufu ukiondoka Yerusalemu na kuelekea mashariki, na pia akamsikia Mungu akisema amekuwa patakatifu kwa muda kidogo kwa wale waliopelekwa uhamishoni. Kitabu cha Yubile, kilichoandikwa katika karne ya pili K.K., kinaiita bustani ya Edeni Patakatifu pa Patakatifu. Ukishajua hivyo, makerubi wanaolinda njia upande wa mashariki wa Edeni unawafahamu mara moja: ni walewale waliotiwa kwenye pazia la hema ya kukutania.

Walioisogeza lugha hii mbali zaidi waliishi kando ya Bahari ya Chumvi. Magombo yaliyoanza kupatikana mapangoni Qumran mwaka 1947 yana kanuni ya jumuiya iliyovunja uhusiano na makuhani wa Yerusalemu, wakigombania usafi na kalenda. Kanuni hiyo inasema baraza la jumuiya ndilo nyumba takatifu ya Israeli, ndilo jiwe la pembeni la thamani lililotajwa na Isaya 28, na kwamba sala iliyo sawa midomoni ni kama harufu ya kupendeza ya sadaka. Hao wanaifanyia nchi upatanisho bila damu ya mnyama. Mkristo akiisoma bila kuambiwa imetoka wapi atadhani ni waraka wa kwanza wa Petro, ile sehemu ya "ninyi nanyi, kama mawe yaliyo hai, mmejengwa mwe nyumba ya Roho, ukuhani mtakatifu". Petro naye analileta jiwe lilelile la Isaya 28. Wala hawa wa Qumran hawakuwa na nia ya kulifuta hekalu. Gombo lao lingine limejaa vipimo vya hekalu walilotamani lijengwe.

Kwa hiyo Paulo aliposema jumuiya ni hekalu, Myahudi aliyemsikia asingeshtuka kwa sentensi hiyo. Angeshtuka kwa kuwaona walioambiwa. "Hamjui ya kuwa ninyi mmekuwa hekalu la Mungu?" anaulizwa nani? Watu wa Korintho, wengi wao wasiotahiriwa, juzi tu walikuwa wanakula nyama za sanamu.

Hapo ndipo jiwe moja linapotueleza zaidi ya vitabu vingi. Mwaka 1871 mtaalamu wa Kifaransa, Charles Clermont-Ganneau, alilikuta Yerusalemu bamba la chokaa lenye maandishi ya Kigiriki. Leo lipo Istanbul, na kipande cha bamba la namna hiyo kilichopatikana katika miaka ya 1930 kipo Yerusalemu. Maandishi yanasema, kwa maana yake, kwamba mtu yeyote wa taifa lingine asipite ndani ya uzio unaozunguka patakatifu, na atakayekamatwa atajilaumu mwenyewe kwa kifo kitakachomfuata. Josephus anautaja uzio huo: ukuta wa mawe wa dhiraa tatu, kazi yake nzuri ya kupendeza, wenye mabamba ya onyo kwa Kigiriki na Kilatini yaliyopangwa kwa nafasi sawa. Ni ukuta unaofika kifuani tu. Mgeni aliweza kuona kila kitu upande wa pili na asiweze kupiga hatua.

Na kosa lililomtia Paulo mikononi mwa Warumi lilikuwa juu ya ukuta huo. Matendo 21 inasema watu walimwona mjini pamoja na Trofimo wa Efeso, wakadhani amemwingiza hekaluni, ghasia zikalipuka. Trofimo alikuwa mtu wa Efeso, na ni katika waraka unaobeba jina la Waefeso tunaposoma kwamba Kristo "akakibomoa kiambaza cha kati kilichotutenga", na kwamba wale waliokuwa mbali wamekuwa watu wa nyumbani, wakijengwa pamoja hata wawe hekalu takatifu. Wako wanaosema kiambaza hicho ni sheria ya Musa na wala si uzio wa mawe, na ni kweli aya inayofuata inaitaja sheria. Wako pia wanaosema aliyeandika ni mwanafunzi wa Paulo. Hata hivyo, mwandishi anayezungumzia mataifa, ukuta na hekalu katika sentensi mfululizo, halafu asiwe amewaza ukuta pekee uliotenga mataifa hekaluni, atakuwa mtu wa ajabu.

Mtazame anavyolitumia fumbo hilo. Hasemi nyumba ibomolewe. Anasema uzio ubomolewe, ili nyumba ijae. Isaya 56 ilikuwa imeshaahidi hivyo: nyumba ya sala kwa mataifa yote. Ndiyo aya ambayo Yesu, kwa Marko, aliinukuu siku alipozipindua meza za wavunja fedha, akaiunganisha na lile pango la wanyang'anyi la Yeremia 7.

Hata kitendo hicho tunakitenga na mazingira yake. Wavunja fedha walikuwa na kazi halali, kwa kuwa nusu shekeli ililipwa kwa fedha ya Tiro na msafiri alikuja na fedha za kwao. Kulikemea hekalu kutoka ndani kulikuwa desturi ya manabii, na Yesu wa Nazareti hakuwa wa mwisho. Josephus anasimulia habari za mkulima mmoja, naye jina lake Yesu, mwana wa Anania, aliyefika Yerusalemu kwenye Sikukuu ya Vibanda miaka minne kabla ya vita na Warumi, akaanza kulia ole juu ya mji, watu na hekalu. Wakubwa wa Kiyahudi wakamkamata na kumpeleka kwa liwali Albinus. Alipigwa mijeledi mpaka mifupa ikaonekana. Kila pigo akajibu: ole wa Yerusalemu. Albinus akamwona mwendawazimu, akamwachia. Alilia hivyo zaidi ya miaka saba, hadi jiwe la mtambo wa Kirumi lilipompiga wakati mji umezingirwa. Hakuna anayemwita huyu adui wa Uyahudi.

Tukirudi kwa Wakorintho, lipo jambo linaloniudhi kidogo. Huku kwetu aya ya hekalu inatajwa kila siku kukataza pombe na sigara: mwili wako ni hekalu. Sura ya 6 kweli inazungumzia mwili, ila suala pale ni makahaba. Ya sura ya 3, inayosema mtu akiliharibu hekalu la Mungu naye Mungu atamharibu, haihusu tumbo la mtu hata kidogo. Inahusu wale waliokuwa wakisema mimi ni wa Paulo, mimi ni wa Apolo. Anayeliharibu hekalu ni mgawa kanisa. Sijawahi kuisikia ikisomwa siku waumini wamegawana viti, vyombo vya muziki na hati ya kiwanja.

Mtu atanijibu kwa Waebrania, na ana haki. Waraka huo ndio mgumu kuliko yote kwa hoja yangu. Unasema wazi kwamba agano la kwanza limekuwa kuukuu na li karibu na kutoweka, kwamba damu ya mafahali na mbuzi haiwezi kuondoa dhambi. Siwezi kuulainisha. Lakini tazama mwandishi anatumia vifaa gani. Hema ya mbinguni ambayo ile ya duniani ni kivuli chake ameitoa Kutoka 25:40, Musa akiambiwa afuate mfano aliouona mlimani. Magombo ya Qumran yana nyimbo kumi na tatu za sadaka ya Sabato ambamo malaika ni makuhani, na mapazia na milango ya hekalu la juu inaimba. Nakala yake moja ilipatikana kwenye ngome ya Masada, miongoni mwa wapiganaji wa mwisho wa Kiyahudi. Ukiondoa Walawi 16, siku ile moja ya mwaka kuhani mkuu anapopita pazia na damu, sura ya 9 ya Waebrania haina kitu cha kusema. Kati ya Wakristo wetu, Waadventista Wasabato ndio walioshikilia kulisoma somo la patakatifu kwa undani, na hata asiyekubali hesabu zao za unabii zinazoishia mwaka 1844 anaweza kuwashukuru kwa kuwa watu wao bado wanajua kinara kilikuwa upande gani wa hema. Wengine tumebaki na neno madhabahu tu, tukiliita hivyo jukwaa la mhubiri na spika zake.

Kisha ukaja mwaka 70, na hapo ndipo watoto wawili wa nyumba moja walipoanza kusemezana kwa ukali. Kaisari Vespasianus akaigeuza nusu shekeli ya Mungu kuwa kodi ya Jupiter, mungu wa Warumi, huko Roma. Wayahudi walibaki bila madhabahu, na majibu waliyoyapata yanafanana na ya Wakristo kuliko pande zote mbili zinavyopenda kukiri. Masimulizi ya marabi yanamweka Yohanan ben Zakkai akitoka Yerusalemu, mwenzake Yehoshua akiyaona magofu na kulia kwamba mahali pa upatanisho pamekwisha. Yohanan anamwambia tunao upatanisho mwingine ulio sawa na ule, matendo ya fadhili, na anamnukulia Hosea 6:6: nataka fadhili wala si sadaka. Ni aya ileile Mathayo anayoiweka kinywani mwa Yesu mara mbili. Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya marabi, inasema wawili wakikaa na maneno ya Torati kati yao, utukufu wa Mungu unakaa kati yao. Mathayo 18:20, ile ya wawili watatu waliokusanyika kwa jina la Yesu naye akiwa katikati yao, inajulikana na kila mtu.

Kitabu cha Ufunuo, ambacho wengi tunakiweka mwishoni mwa karne ya kwanza, ndicho kinachotajwa kama kauli ya mwisho: "Nami sikuona hekalu ndani yake." Haya, soma na vipimo vyake. Mji ule mpya urefu, upana na kimo chake ni sawa. Katika Maandiko yote kuna chumba kimoja tu cha namna hiyo, Patakatifu pa Patakatifu pa Sulemani, dhiraa ishirini kila upande, kilichofunikwa dhahabu kama mji ule ulivyo wa dhahabu. Yohana hakuona hekalu kwa sababu alikuwa amesimama ndani ya chumba chake cha ndani kabisa, nacho kimekuwa na ukubwa wa dunia. Mto wa Ezekieli 47 unapita katikati yake, na mti wa Edeni kando ya mto. Milango yake ni kumi na miwili na haifungwi kamwe, na juu yake yameandikwa majina ya kabila kumi na mbili za wana wa Israeli. Anayehubiri kwamba Israeli walitolewa nje ya nyumba atueleze kwanza yeye mwenyewe anakusudia kuingilia mlango upi.